Mjomba Alikuwa na ALT ya 34

Picha iliingia kwenye simu yangu saa nne usiku, mwezi wa nne mwaka 2021, mvua inapiga bati kiasi kwamba mlio wa ujumbe niliusikia kwa bahati. Shemeji, mke wa mdogo wangu, alikuwa amepiga picha karatasi ya majibu ya maabara na kuizungushia namba moja ya vipimo vya ini kwa kalamu nyekundu: ALT 2,940. Pembeni mashine ilikuwa imechapa kiwango cha kawaida, mwisho 40. Chini ya picha aliandika maneno matatu: "Shemeji, anakufa huyu?"

Nikakaa kitandani nikaikuza ile picha. ALT 2,940. AST, ndugu yake, 2,215. Bilirubini 186. Nikashuka hadi mwisho wa karatasi, nikarudi juu, nikashuka tena. Nilichokuwa nakitafuta hakikuwepo. Nikampigia.

"Shemeji, hiyo uliyoizungushia siyo inayonitisha. Damu yake wameipima inavyoganda?"

Akanyamaza. Hakujua nauliza nini, na hakuwa na sababu ya kujua. Mimi mwenyewe, niliyesomea maabara na kuifanya kazi hii upande wa Temeke tangu 2010, swali hilo nilijifunza kwa kumzika mtu.

Mtu huyo ni mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuwa ananunua samaki Feri alfajiri na kuwasambaza kwa mama lishe wa Kigamboni na Mbagala. Mtu wa nguvu. Mwaka 2012 miguu ilianza kumvimba kila ikifika jioni, akasema ni kwa kusimama sana kwenye maji ya barafu. Kisha suruali ikaanza kumbana kiunoni huku mabega yakikonda, na hilo nalo tukalipatia maelezo yake: uzee unaingia, kitambi kinakuja. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Hakwenda kwa daktari. Alikuja kwangu, kwa sababu mpwa wake alikuwa anavaa koti jeupe. Nilimtoa damu mwenyewe. Wiki ile, kwenye kituo nilichokuwa nafanya kazi wakati huo, vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vya albumini na vya bilirubini vilikuwa vimekwisha, kama ilivyokuwa mara nyingi. Tulibaki na viwili tu, cha ALT na cha AST, na bado juu ya karatasi tuliendelea kuandika "vipimo vya ini" kana kwamba vyote vimo. Majibu yakatoka: ALT 34, AST 58. Nikamwambia kwa furaha kabisa, "Mjomba, ini lako liko salama." Akanishika bega. "Alhamdulillahi, mwanangu." Akachukua karatasi yake, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, akaenda zake kupanda pantoni.

Baada ya miezi minne alitapika damu, beseni zima, usiku, mbele ya watoto wake. Hospitali ya rufaa walimpima kila kitu. Albumini 22, wakati haitakiwi kushuka chini ya 35. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 68 elfu. Mtu mzima anatakiwa azidi 150 elfu. INR, ambayo ndiyo kipimo cha muda wa damu kuganda, 2.1 badala ya 1. Kirusi cha homa ya ini B kimo. Ultrasaundi ikaonyesha ini lililosinyaa na kujaa makovu, tumbo limejaa maji. Damu haikuwa ikipita vizuri kwenye ini gumu namna ile, ikatafuta njia za pembeni, mishipa ya umio ikavimba mpaka ikapasuka. Siku hiyo anayokufa, ALT yake ilikuwa 31.

Karatasi zote mbili ninazo hadi leo, ile ya 34 na ile ya 31. Daktari kijana aliyekuwa zamu ndiye aliyenisimamisha kwenye korido akanieleza, bila kunisuta, nilichotakiwa kukijua. ALT ni kimeng'enya kinachoishi ndani ya chembe za ini. Chembe ikiumia, kinavuja kuingia kwenye damu, na sisi tunakipima humo. Kwa hiyo kinakuambia chembe zinaumia kiasi gani siku hizi. Hakikuambii zimebaki ngapi, wala hizo zilizobaki zinafanya kazi gani. Kuni zikiwaka moshi unaonekana mtaa wa tatu. Zikishakuwa majivu, hakuna moshi.

Kwenye fomu tunaandika "vipimo vya utendaji wa ini", na namba mbili ambazo kila mtu anazikimbilia kwanza hazipimi utendaji wowote. Utendaji uko kwingine. Ini ndilo linalotengeneza albumini, protini inayozuia maji ya damu yasivuje kwenda miguuni na tumboni. Ini ndilo linalotengeneza karibu protini zote za kugandisha damu. Ini ndilo linalosafisha bilirubini, ile rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu zilizochakaa, na kuitoa kwa njia ya nyongo. Ukitaka kujua mwenye duka yuko hai, usihesabu vioo vilivyovunjika nje. Tazama kama bidhaa bado zinatoka.

Na hata hapo kuna haraka na pole. Albumini hukaa kwenye damu muda mrefu. Nusu yake huchukua kama siku ishirini kuisha. Mtu ambaye ini lake limeharibika juzi anaweza kuwa na albumini nzuri kabisa leo, kwa sababu anakula akiba ya wiki zilizopita. Protini za kugandisha damu hazina akiba ya namna hiyo. Ile inayoitwa faktari ya saba, nusu yake huisha kwa saa chache tu. Ini likiacha kazi asubuhi, INR inaweza kukuambia kabla ya kesho jioni. Ndiyo maana kwa mjomba, ambaye kirusi kilimla taratibu kwa miongo, albumini na chembe sahani ndizo zingetuambia ukweli. Na kwa mdogo wangu, ambaye wiki tatu nyuma alikuwa anabeba injini za gari Tandale, nilikuwa nataka INR.

Basi turudi kwake. Ni fundi gereji, ana miaka thelathini na mbili wakati huo. Shemeji alinisimulia kwenye simu: uchovu usioisha, harufu ya vitunguu vikikaangwa inamtoa nyumbani, hata sigara aliyoivuta tangu kijana imemchukiza ghafla. Kisha mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, kisha macho. Alikuwa anameza Panadol kwa ajili ya maumivu ya mwili, akiongeza kila yasipotulia. Hilo la Panadol nilimwambia shemeji aisimamishe usiku uleule hadi daktari aseme vinginevyo, kwa sababu ini hilohilo ndilo linaloichakata, na ikizidi inaliua.

Asubuhi tulimpakia kwenye bajaji tukampeleka hospitali yenye maabara kamili. Daktari mama mmoja mtulivu aliandika vipimo vyote, na kirusi kikapatikana: homa ya ini B, maambukizi mapya. Saa saba mchana INR ikatoka 3.4. Nesi alipoisoma kwa sauti, shemeji akakaa chini sakafuni.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni jambo dogo ambalo sijaona likielezwa kwa wagonjwa. Damu ya kupima INR inaingia kwenye tyubu yenye kizibo cha bluu. Ndani mna maji kidogo ya sitreti, yanayoizuia damu isigande njiani. Kipimo kimepangwa kwa uwiano: sehemu tisa za damu kwa sehemu moja ya sitreti. Tyubu ina mstari, na damu lazima ifike kwenye mstari. Ikiwa pungufu, sitreti inazidi damu, na mashine inaona damu inayochelewa kuganda hata kama mgonjwa ni mzima. Mdogo wangu alikuwa amekosa maji mwilini, mishipa imejificha, aliyemtoa damu alihangaika naye. Nikaomba kwa adabu, kama mtu wa kazi moja, nionyeshwe sampuli. Damu ilikuwa imefika nusu ya tyubu.

Walikubali kurudia mara moja, na ninawashukuru hadi leo kwamba hawakuniona msumbufu. Safari hii nilimshika mkono mwenyewe, wakapata mshipa mzuri, damu ikafika mstarini sawasawa. Ikageuzwa taratibu mara nne, bila kutikiswa. Sampuli ile ilipotoka kwenye mashine ya kuzungushia, maji ya damu yaliyoelea juu yalikuwa na rangi ya asali. Ya mtu mzima huwa manjano mepesi, unaweza kusoma maandishi nyuma yake.

INR ikatoka 1.6.

Siyo 3.4. Lakini 1.6 siyo habari njema pia, na nilijua. Mtu ambaye hakuwahi kuwa na ugonjwa wa ini, INR yake ikifika 1.5 na akili ikaanza kuyumba, ugonjwa huo unabadilika jina: ni ini kushindwa ghafla. Kwa watu wazima wanaopata homa ya ini B kwa mara ya kwanza, wanaofika huko hawafiki mmoja kati ya mia. Zaidi ya tisini na tano kati ya mia hupona na kukifukuza kirusi wenyewe. Ila wale wachache wakifika huko, wengi hawarudi bila kupandikizwa ini jingine, na kupandikiza kwetu kulimaanisha safari ya India na fedha ambazo ukoo mzima haukuwa nazo. Tulikuwa tumesimama kwenye kizingiti. Mguu mmoja ulikuwa bado ndani: akili yake ilikuwa timamu.

Daktari alimchoma vitamini K. Ini linaihitaji kutengeneza baadhi ya protini za kugandisha damu, na wakati mwingine INR hupanda kwa sababu vitamini hiyo imepungua tu. Ikishuka baada ya sindano, unapumua. Ya mdogo wangu haikushuka. Akaanzishiwa tenofovir, dawa ya kukizuia kirusi, siku hiyohiyo.

Kisha zikaja siku tano ambazo sitazisahau. ALT ilianza kushuka: 2,940, halafu 2,300, halafu 1,480. Wodini ikawa sherehe. Mama mkubwa alikuja na chapati, jirani mmoja akaanza kutoa ushuhuda. Shemeji alinikumbatia. "Inashuka, shemeji! Inashuka!" Na mimi kwenye mkono wa kushoto nilikuwa nimeshika karatasi nyingine: bilirubini imetoka 186 imefika 290, INR imetoka 1.6 imefika 1.9.

ALT ikishuka inaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza, moto unazimika. Ya pili, hakuna kilichobaki cha kuungua. Namba yenyewe haitofautishi. Kinachotofautisha ni zile nyingine. ALT ikishuka na bilirubini na INR zikishuka nayo, shukuru. ALT ikishuka wakati hizo mbili zinapanda, usile chapati. Nilitoka nje ya jengo, nikasimama chini ya mwarobaini karibu na wauza maji, nikashindwa kuamua kama niwaambie au niwaache wafurahi hadi asubuhi. Nilimwambia shemeji peke yake. Alikuwa na haki ya kujua, na nilihitaji macho yake usiku, kwa sababu maabara haioni kila kitu.

Nilimfundisha mambo matatu. Amwangalie usingizi: akianza kulala mchana na kukesha usiku, asiseme ni uchovu. Kila saa chache ampe kalamu aandike jina lake kamili na jina la mtaa wao, kwenye daftari moja, mstari chini ya mstari, ili mwandiko ukianza kupotea tuuone. Na amwambie anyooshe mikono mbele, viganja vimeinuliwa vikitazama mbele kama trafiki anayesimamisha daladala, avishikilie hivyo. Viganja vikianza kupepea vyenyewe, aite nesi hapohapo. Manesi nao walimpima sukari usiku kucha, maana ini ndilo ghala la sukari, na likifunga milango mgonjwa anaweza kuzimika kwa kukosa sukari kabla ya lolote.

Lile daftari lipo. Daftari la shule la mtoto wao, lenye picha ya Mlima Kilimanjaro kwenye jalada. Kurasa nne za jina moja. Usiku wa tatu mwandiko unalala kidogo upande wa kulia, herufi zinakuwa kubwa, na nilipouona asubuhi tumbo lilinikata. Mstari unaofuata umenyooka tena. Labda alikuwa na usingizi tu.

Kati ya siku hizo mama alikuja na chupa ya mzizi kutoka Mkuranga. Dawa hiyo, alisema, ilimtoa manjano mtoto wa mwenzake. Sikumkatalia mama yangu mbele ya watu. Nilimpeleka pembeni. "Mama, naomba tuisubirishe. Ini lake sasa hivi limebeba mzigo hadi shingoni. Kila kinachoingia tumboni lazima lipokee lenyewe. Akitoka salama, utampa." Akanitazama muda mrefu. Yeye ndiye aliyemfungia mjomba sanda kwa machozi. Akaiweka ile chupa kwenye mkoba, na haikutoka tena.

Yule jirani wa ushuhuda alikuwa na hoja yake, na nataka kumtendea haki. Binti yake aliugua dengue mwaka 2019, wakati Dar es Salaam nzima ilikuwa inaugua. "Na yeye ini lilikuwa juu sana, na alipona kwa majani ya mpapai." Kweli, ninaikumbuka miezi ile, ya 2019 na ya 2014 kabla yake, tulikuwa tunapokea sampuli za dengue mpaka rafu za friji zinajaa. Lakini dengue ina tabia yake. AST huwa juu kuliko ALT, kwa sababu AST haikai kwenye ini peke yake, imo pia kwenye misuli na kwenye chembe nyekundu, na dengue inapiga misuli vibaya. (Hata sampuli ikipasuka chembe zake wakati wa kutolewa, AST inapanda kwa uongo.) Wengi wenye AST ya mia tatu, mia nne, walirudi nyumbani kwa miguu yao. Ikifika 1,000, Shirika la Afya Duniani linauhesabu ugonjwa huo kuwa mkali, na hapo hakuna mzaha. Ila kwa wengi wa dengue hatari haikuwa kwenye ini. Ilikuwa pale homa iliposhuka, siku ya nne, ya tano, familia inadhani amepona, na kumbe maji yanavuja kutoka kwenye mishipa: chembe sahani zinaporomoka, damu inakuwa nzito. ALT ya mia tano kwa dengue, kwa homa ya ini B na kwa mtu aliyezidisha Panadol ni namba moja kwenye karatasi na magonjwa matatu kitandani. Nilimwambia yule mama namshukuru Mungu kwa ajili ya binti yake, na ni kweli nilimaanisha.

Siku ya sita INR ilikuwa 1.8. Niliisoma mara mbili. Siku ya saba 1.5. Bilirubini bado ilikuwa inapanda, ikafika 318, na shemeji aliyekuwa ameshajifunza kusoma karatasi akanipigia kwa hofu. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa na furaha. Bilirubini huchelewa, sehemu yake hujishikiza kwenye albumini na kuondoka nayo polepole. Ndiyo maana macho hubaki ya njano wiki kadhaa baada ya ini kurudi kazini. Protini za kugandisha damu zilikuwa zinatengenezwa tena, na hizo hazitengenezwi na maiti. Siku ya tisa INR 1.2. Siku hiyo aliomba ugali na dagaa. Nilikula chapati za mama mkubwa, zilizokuwa zimekauka kama mbao, na sijawahi kula chapati tamu kama zile.

Baada ya miezi sita tulimpima tena. Kirusi hakionekani, kinga imejengeka. Mke wake tulimkuta hana, akachanjwa dozi zake tatu. Ukoo ulikuwa umeanza kunong'ona aliupata wapi na kwa nani, na nilisimama kwenye kikao nikasema hilo liishe. Kirusi hiki huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, kwa wembe mmoja kwa vichwa viwili, na hukaa nje ya mwili angalau siku saba kikiwa na nguvu. Kinaweza kuchukua mwezi mmoja hadi sita kabla ya dalili. Hakuna mwanadamu anayeweza kuhesabu kurudi nyuma miezi sita na kumnyoshea mtu kidole.

Ndipo nikawataja watoto wa mjomba. Wanne. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu tumzike baba yao kwa kirusi hichohicho, na hakuna aliyewapima, nami nikiwemo. Watatu walikuja wiki ileile. Mmoja alikuwa nacho. Mkubwa wao, dalali Kariakoo, alikataa. "Kaka, mimi sina ugonjwa. Naamka saa kumi na moja, nalala saa sita. Mgonjwa gani huyo?" Nilimbembeleza miaka mitatu. Mwaka 2024 alichangia damu kwa ajili ya mgonjwa wa rafiki yake, na damu ya kuchangia hupimwa homa ya ini B kama inavyopimwa UKIMWI na kaswende. Wakamwita. Akanijia kimya kimya jioni, shati la mikono mirefu, kama baba yake.

Nilimtoa damu mwenyewe. Kizibo cha bluu hadi mstarini. ALT 33.

Nilipoiona namba hiyo mikono yangu ilipoteza nguvu. Lakini safari hii vitendanishi vyote vilikuwepo. AST 52, chembe sahani 98 elfu, albumini 36, INR 1.1. Kuna hesabu rahisi inayoitwa APRI, unaweza kuifanya kwa simu. Unagawanya AST kwa kiwango chake cha juu, 40, unazidisha kwa mia, unagawanya kwa chembe sahani ukizihesabu kwa maelfu. Nikaipiga: 1.3. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unasema ikizidi 0.5 makovu yanatosha mtu kuanza dawa, na ikizidi 1 yawezekana ini limeshaanza kusinyaa. Chembe sahani hushuka kwa sababu damu inayozuiwa na ini gumu hurudi kwenye wengu, wengu linavimba na kuzimeza. Miaka kabla ya kutapika damu, wengu linakuwa limeshasema.

Tulikwenda wote kwa daktari. Ultrasaundi ilikubaliana na hesabu. Albumini yake na INR yake zilikuwa bado zimesimama, na daktari alizigonga kwa kalamu akasema, "Hizi ndizo tunazozilinda." Akapimwa UKIMWI kwanza, kwa kuwa tenofovir peke yake kwa mwenye virusi vyote viwili huzalisha usugu. Alikuwa hana. Kilichomsumbua kilikuwa kingine: kopo. "Watu watasema nimeanza ARV." Nikamwambia ni kweli dawa hiyo hutumika huko pia, lakini asizihamishe: zibaki kwenye kopo lake lilelile, limefungwa vizuri, maana unyevu unaziharibu. Sasa anameza kila usiku baada ya taarifa ya habari. Kila miezi sita anapigwa ultrasaundi kutafuta saratani mapema, kwa sababu dawa inapunguza hatari hiyo lakini haiifuti.

Mwezi uliopita alimleta binti yake wa miaka kumi na tatu, amevaa sare za shule, hajui kwa nini yuko pale. Alizaliwa wakati chanjo ya homa ya ini B imeshaingia kwenye sindano za watoto wachanga za kliniki. Kadi yake ilikuwa na mihuri yote. Baba yake hakukaa kwenye benchi. Alisimama mlangoni dakika ishirini nzima, anatazama kile kijiti cha kipimo mezani kwangu kama anayetazama mtoto akivuka Barabara ya Kilwa. Mstari mmoja ulitokea, na haukutokea wa pili. Nikaandika "hasi", nikasaini. Akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati, halafu akaitoa na kuisoma tena.